Mpini Ghali Kuliko Mbuzi

Kwa Aloyce kuna fimbo mbili za pool. Moja imekatika ncha na siku hizi kazi yake ni kufukuza mbuzi wanaokula maua ya kopo pale mlangoni. Ya pili ndiyo tunayochezea wote, nayo imepinda kama mtu anayeinama kukupa umbea. Aloyce ni mtu wa Ludewa, wa kule chini ziwani kwenye joto, na tangu apande kuja Njombe anaamini kila kitu kinasikia baridi kama yeye. Akifunga baa anaiegemeza fimbo kando ya jiko la mkaa ipate joto. Tumemwambia, Aloyce, mti hauugui mafua. Anatujibu kwamba sisi tuliozaliwa kwenye friji tusimfundishe baridi.

Basi tumeizoea hivyo hivyo. Ukitaka mpira uingie kona ya dirishani, unalenga kaunta. Ukitaka shimo la kati, unalenga tumbo la Aloyce, na tumbo lenyewe si la kutafuta. Mgeni akija tunamfunga kabla hajaelewa kinachoendelea, anawanunulia watu soda, anaondoka akisema Njombe kuna uchawi.

Mimi ni msusi. Saluni yangu inatazamana na baa ya Aloyce, katikati ni barabara tu, na nikimaliza kichwa navuka. Kwa fimbo ile iliyopinda hakuna mtu mtaa wetu anayeniweza, awe na ndevu au asiwe nazo. Sifa zikanilewesha. Jumatatu moja ya mwezi wa sita, siku ambayo saluni hulala, nilikwenda Makambako kufuata rasta za jumla, na badala ya kununua rasta nikageuza, nikajipeleka kwenye meza yao ya pool pale karibu na stendi.

Makambako fimbo zao zimenyooka. Nikainama, nikalenga tumbo la mwenye baa kama nilivyozoea, na mpira ukaenda kweli kulifuata tumbo. Ule mpira mweupe uliruka meza ukamkuta chini kidogo ya vifungo vya shati, akakaa kwenye kreti la bia bila kupenda. Watu walicheka mpaka wapiga debe wakaacha mabasi yao wakaja kuchungulia.

Aliyekuwa anacheza na mimi anaitwa Konsolata. Anawauzia madereva wa malori wali maharage, mwanamke mpana, mpole, anacheza polepole kama anayepanga vyombo kabatini. Alinifunga gemu zote tulizocheza, na kila akinifunga ananishika bega.

"Pole mdogo wangu. Umechoka na safari."

Ningetukanwa ningelala usingizi. Ile pole ndiyo iliyoniuma.

Nikiwa natoka, Lukas akanifuata mlangoni. Huyu ni utingo wa lori linalokwenda Tunduma, na ukitaka kitu chochote ambacho huku hakipo, unamwambia Lukas unamsubiri arudi.

"Dada Dainess, kosa si lako. Fundi gani anafanya kazi kwa kifaa cha kuazima? Ngoja."

Akaenda kwenye lori, akarudi na fimbo. Kipande kimoja kirefu, mbele mti wa rangi ya maziwa, nyuma mweusi unaong'aa, na nyuzi za kijani pale pa kushikia. Nikaiweka mezani, nikaisukuma. Ilibiringika kimya kimya, haikuruka wala kuyumba. Ya Aloyce ukiibiringisha inatembea kama bata.

"Kaa nayo," akasema Lukas. "Jumapili Konsolata na wenzake wanapanda Njombe mchana kurudiana na nyinyi, na mimi nitakuwepo. Siku hiyo unanipa hela au unanipa fimbo. Maneno usinipe, dada, ninayo mengi."

Nikarudi nayo Njombe nimeifunga kwenye kanga kama mgonjwa.

Saluni yangu haijawahi kuwa na siri zaidi ya dakika tatu. Kesho yake asubuhi kulikuwa na wateja wawili vitini, watatu kwenye benchi na wengine wanne waliokuja kuota moto tu, na wote walikuwa na neno kuhusu fimbo yangu.

"Nunua," alisema Eveline, binti ninayesuka naye. "Watu wananunua wigi la kuvaa harusi moja."

"Wigi linavutia mume," alisema mama mmoja aliyesukwa nusu kichwa. "Mwanamke mwenye fimbo yake ya pool, mume atamkutia wapi?"

"Kwa Aloyce. Wanaume wote wapo kule, hata wa kwako."

"Wa kwangu anakwenda kuangalia mpira!"

"Anaangalia, ndiyo. Mpira mweusi ukiingia shimoni."

Tulicheka mpaka nikamchoma yule mama na maji ya moto ya kumalizia rasta, ikabidi nimpunguzie bei. Lakini kicheko kilipoisha, neno lake lilibaki. Si la mume. Mume nimeshakuwa naye na nimeshamsahau. La mwanamke mwenye fimbo yake.

Maana fimbo ya baa, ya kila mtu, ina siri yake. Ukikutwa umeishika, ulikuwa unapita tu. Ulikuja kumsalimia mtu, ukaambiwa hebu shika, mara ukainama. Hakuna anayeweza kukuita mchezaji kwa fimbo ya Aloyce, kama vile huwezi kumwita mtu dereva kwa sababu amekaa mbele kwenye basi. Lakini ukiwa na yako umejitangaza. Mtu hanunui fimbo ili apite tu.

Na mimi nina mama. Mama ni mwenyekiti wa akina mama pale usharikani, na alishasimama kwenye kikao chao akasema, mbele ya wanawake wote wa mtaa, kwamba anayeinamia meza ya kijani leo, kesho atainamia jambo lingine. Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma nagawa chai, na mimi nikapiga. Mama anaamini ninavuka barabara kwenda kwa Aloyce kutafuta chenji. Nadhani anaamini saluni yangu ndiyo biashara yenye shida kubwa kuliko zote ya chenji katika mkoa huu.

Alhamisi niliipeleka fimbo kwa Aloyce kuijaribu. Aloyce aliitazama, hakuigusa.

"Fimbo yangu imekukosea nini?"

"Imepinda, Aloyce."

"Hata mimi nimepinda, mbona unanywa kwangu?"

Gemu ya kwanza nilifungwa na Amon, na Amon hajawahi kunifunga tangu ameanza kunyoa. Huyu ni muuza mbao, tena mwimba besi wa kwaya ninayoimba mimi, na anacheza pool kama anavyoimba, kwa nguvu, akichelewa. Ya pili akanifunga tena. Nikaacha kulenga tumbo, kaunta na dirisha, nikalenga shimo. Jambo la ajabu sana, kulenga kitu unachokitaka. Nikapiga, mpira ukakatiza meza nzima ukaingia kona bila kugusa kuta, na sauti yake ilikuwa kama mlango mzuri unaofungwa. Baa yote ikasema "Aaa!" Nikaingiza mwingine. Nikamaliza meza. Amon akaomba aishike, akapiga mpira mmoja, kisha hakutaka kuiachia.

"Kama huinunui, niambie," alisema, bado ameikumbatia. "Dada yangu, nakuomba, kama huinunui niambie mimi kwanza."

Nilimnyang'anya. Kwenye vidole vyangu jibu lilikuwepo, lakini kila nikimkumbuka mama amesimama kwenye kile kikao linanitoka.

Saluni sikuweza kuiacha ile fimbo. Eveline angeionyesha hadi kwa watoto wa chekechea. Nikaipeleka nyumbani kupitia nyuma na kuitia stoo. Mle stoo baba mdogo Jacob huweka mipini anayochonga: ya majembe, ya mafyekeo, na mirefu ya mafagio ya kutolea utando wa buibui. Kulikuwa na mzigo wake umesimama pembeni. Nikachomeka fimbo yangu katikati ya mipini, nikarudi nyuma, nikatazama. Haikuonekana. Nikajipongeza.

Jumamosi nikafikia uamuzi. Nitairudisha. Lukas achukue fimbo yake, Konsolata anifunge mbele ya watu wangu, mama abaki na binti anayetafuta chenji. Niliposema hivyo moyoni nilijisikia mtu mzima, mwenye busara, na mwenye huzuni kama niliyeambiwa nisile nyama.

Jumapili ilikuwa mavuno. Siku hiyo kila mtu hupeleka kanisani alichojaliwa: viazi, mahindi, maparachichi, mayai, kuku, asiye na shamba anapeleka sukari. Vinapangwa mbele ya madhabahu, vinaombewa, na baada ya ibada vinauzwa kwa mnada nje uwanjani, hela inakuwa ya kanisa. Kwaya tuliingia kwa kuandamana tukiimba, ukungu bado umeshika madirisha. Tukafika mbele, tukageuka, na pale chini, kati ya maboga na jogoo aliyefungwa miguu, nikauona mzigo wa mipini ya baba mdogo.

Ulikuwa umefunguliwa na kutandazwa vizuri. Na katikati yake, ndefu kuliko yote, inang'aa kama imepakwa mafuta ya ubatizo, imelala fimbo ya Lukas. Ncha yake bado ina chaki ya bluu.

Nilikosa ubeti mzima. Nikamtazama Amon kwenye safu ya besi. Yeye alikuwa ameshaiona. Alikuwa ameacha kuimba, mdomo upo wazi, kama mtu aliyetokewa na malaika.

Kumbe asubuhi baba mdogo Jacob alikuja na bodaboda, akakusanya mipini yake bila kuihesabu, akapeleka sadaka. Na mama, aliyekuwa anapokea vitu mlangoni, alipouona ule mmoja alimsifu.

"Shemeji, mwaka huu umejitahidi. Huu umeupaka hadi vanishi."

Baba mdogo ni mtu ambaye kwa miaka yote anaambiwa mipini yake inatoboa viganja. Aliutazama mpini asioujua, akautazama uso wa shemeji yake umejaa furaha.

"Nimeamua kubadilika kidogo," akasema.

Mnada wetu anaupiga Mzee Methusela. Kabla hajaokoka alikuwa dalali wa mbao, na sauti yake yenyewe haijaokoka bado. Ana desturi moja: kila anayenunua kitu lazima aseme kwa sauti kitakwenda kufanya kazi gani, halafu uwanja mzima unaitikia, "Bwana aibariki kazi hiyo!" Ukinunua viazi, unasema vinakwenda kulisha wanangu, Bwana aibariki kazi hiyo. Mchungaji anapenda sana, anasema inatufanya tukumbuke kwamba vitu vina wajibu.

Na kitu kikishalala mbele ya madhabahu hakirudi. Hata ukisema ulisahau, hata ukilia. Mwaka juzi mtu alipeleka debe la mahindi lenye simu yake ndani, akainunua simu yake mnadani pamoja na mahindi.

Waliuza kuku, wakauza maboga, mbuzi wa mzee mmoja wa Uwemba akauzwa vizuri watu wakapiga vigelegele. Kisha Mzee Methusela akaiinua fimbo juu kwa mikono miwili.

"Na hiki je? Hiki ni nini?"

Niliwaona mmoja mmoja. Wanakwaya wa tenor wote wawili, mpiga kinanda, mzee wa kanisa anayeishi nyuma ya soko, na yule mume wa yule mama wa rasta, wote walikuwa wanaijua fimbo ile kama wanavyojua wake zao, na wote walikuwa wanatazama viatu. Anayeitaja jina atakuwa ameeleza alijuaje.

"Ni mpini wa fagio refu," alisema mama kwa sauti ya mwenyekiti. "Kazi ya shemeji Jacob."

Baba mdogo akasimama, akainama kidogo, akapigiwa makofi.

"Nani ataanza na mpini huu?"

"Mimi!" Mkono wa Amon ulitangulia sauti.

"Unakwenda kufanya kazi gani, kijana?"

"Kutolea buibui, mzee. Dari yangu ina buibui kupita kiasi."

"Bwana aibariki kazi hiyo!" wakaitikia wote. Amon akajifuta jasho katika baridi ile.

Nikapiga hesabu ambayo haikuchukua muda. Amon akiichukua, Lukas saa tisa, mechi ikianza, atataka fimbo au hela. Fimbo sina. Hela nitampa, na fimbo itabaki kwa Amon anatolea buibui. Nitakuwa nimenunua fimbo ambayo nimeamua kutoinunua, na hata hivyo sina. Lakini sitakudanganya, hesabu hiyo ilikuja baadaye kidogo. Kilichotangulia ni kumwona Amon ameikodolea macho, na vidole vyangu vikakumbuka ile sauti ya mlango mzuri unaofungwa. Nikanyoosha mkono.

"Naongeza!"

Mama akageuka. Mzee Methusela akafurahi. Kila dalali anapenda wawili.

Amon akaongeza. Nikaongeza. Mmoja wa wale tenor akashindwa kujizuia, naye akaongeza, alipoulizwa kazi gani akasema ya kuangushia maparachichi. Bwana aibariki kazi hiyo. Mume wa yule mama wa rasta akapandisha, akasema anataka kuegemeza migomba. Mke wake akamtazama.

"Migomba gani, baba Ema? Njombe hii?"

"Nitapanda."

Watu wakaanza kunong'ona. Bibi Anyisile, ambaye haoni vizuri, akamwuliza mjukuu wake mpini huo una dhahabu ndani au vipi. Bei ilimpita mbuzi. Mchungaji mwenyewe alisogea akaomba aushike, akaupima kwa jicho moja, na namna alivyoupima kwa jicho moja ikawafanya watu kadhaa wamtazame upya.

Tukabaki wawili, mimi na Amon. Akanitazama kwa macho ya mtu anayeomba. Nikaongeza mara ya mwisho, kiasi ambacho ningenunulia rasta za mwezi mzima, na Amon akashusha mkono akaanguka kwenye benchi kama kiroba.

"Umekwenda kwa Dainess!" alipaza Mzee Methusela. "Binti yetu wa kwaya, mtoto wa mwenyekiti! Haya mwanangu, waambie watu. Unakwenda kufanya kazi gani?"

Nilikuwa na la kusema. Nilishaliandaa: wa fagio la saluni, mzee, la kufagilia nywele.

"Saluni ana mafagio mawili," alisema mama, sio kwangu, kwa mwenzake aliyekaa pembeni, lakini mama akinong'ona hata kule hospitali ya Kibena wanasikia. "Nilimnunulia mimi. Sasa la tatu la bei hii la nini?"

Alikuwa anatabasamu, lakini aliniangalia kama anavyoniangalia nikimwambia chakula kimetosha. Alikuwa anangoja. Watu wote wale walikuwa wameshadanganya mbele ya kanisa na wakabarikiwa, na mimi ningeongeza uongo mmoja tu, kisha kila siku mwingine na mwingine, wa kueleza fagio linakaa wapi, kwa nini halifagii, kwa nini linafutwa kwa kitambaa. Nikachoka kabla sijaanza.

"Ni fimbo ya pool, mzee," nikasema. "Inakwenda kuchezea pool kwa Aloyce. Leo saa tisa tuna mechi na Makambako."

"BWANA AIBARIKI KAZI HIYO!" uwanja mzima ukaitikia.

Ni mazoea. Walikuwa wamesema mara arobaini tangu asubuhi, midomo ilishatangulia masikio. Neno lilitoka, likapanda kwenye ukungu, na ndipo watu wakaanza kusikia walichokibariki. Nilimwona mchungaji anafunika mdomo kwa Biblia. Baba mdogo Jacob akakaa chini polepole, mchonga fimbo za pool wa kwanza wa ukoo wetu. Mahali fulani nyuma Eveline akapiga kigelegele kimoja, akakikata katikati.

Mama alichukua kikapu chake akaondoka, mgongo umenyooka kuliko fimbo yangu.

Desturi nyingine ya mnada wetu ni kwamba mtu akinunua kitu kwa bei kubwa, watu humshangilia akirudishe kiuzwe tena kwa utukufu zaidi. Wakaanza, "Rudisha! Rudisha!" Nusu walikuwa wanataka hela ya kanisa, nusu, wakiongozwa na Amon, walikuwa wanataka fimbo. Na nilikuwa bado na nafasi. Ningerudisha, ningekimbia kumfuata mama, ningemwambia ulikuwa utani, ilikuwa ya kumchekesha Mzee Methusela.

"Sirudishi," nikasema. Nikaitwaa mkononi mwa mzee, nikaibeba begani, nikapita katikati yao.

Saa tisa kwa Aloyce hapakuwa na pa kuweka mguu. Wacheza pool walikuwepo, na waliokuja kuniona nikicheza pool walikuwa mara mbili yao, wengine na nguo za ibada na maboga waliyonunua wameyaweka juu ya kaunta. Aloyce alikuwa ameishiwa soda na furaha inamtoka masikioni. Nilimlipa Lukas, kwa hiyo fimbo moja niliilipia mara mbili siku moja, kanisani na baa. Lukas alisema hajawahi kuona mtu anayependa kitu namna hiyo.

Konsolata alikuja na watu wake. Tulicheza gemu tano. Alinifunga tatu. Ningependa kusema mwanga ulikuwa mbaya au mtu alinisukuma kiwiko, lakini fimbo yangu imenyooka, meza ni ya kwetu, na yule mama anacheza kuliko mimi. Safari hii hakunipa pole. Alinipa mkono, akasema, "Wewe sasa unacheza."

Jioni nilirudi nyumbani nikapitia mlango wa mbele, fimbo mkononi. Mama alikuwa jikoni anakaanga viazi, hakugeuka.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungekataa."

"Ningekataa. Lakini ningejua. Leo nimejua pamoja na Anyisile, tena yeye ndiye aliyeuliza kama ina dhahabu."

Nikakaa kwenye kigoda. Nilijua kesho saluni yangu itajaa, na safari hii habari itakayosukwa mle ni yangu. Nimewasuka wengi kwa mdomo. Zamu yangu imefika.

"Samahani, mama."

"Mmh." Akageuza viazi. Mafuta yakalia kwa muda. "Mmeshinda?"

"Nimefungwa. Tatu kwa mbili."

Akageuka sasa, kijiko mkononi.

"Umefungwa? Mtu anisimamishe mbele ya kanisa, aongeze bei mpaka mbuzi aone aibu, halafu akafungwe?"

"Konsolata anajua, mama. Anajua sana."

"Na mama yake anajua kwamba anacheza?"

"Alikuja naye. Alikaa mbele kabisa na kitenge cha njano, anapiga vigelegele."

Mama akakishusha kijiko. Niliona anaupima ule mdomo wa mama wa Makambako, vigelegele vyake, kitenge chake, na kiti chake cha mbele.

"Mnarudiana lini?"

"Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao. Huko kwao."

"Baada ya ibada?"

"Baada ya ibada."

"Sijasema nitakwenda."

"Sijasema umesema."

"Basi toa miguu njiani," akasema. "Nataka kupita na viazi, vina moto."